Mgeni Asiye na Lugha: Uhakiki wa Kitabu cha Roach katika Darasa la Fonetiki ya Kiingereza

Utangulizi

Mwaka 1983 Cambridge University Press ilichapisha kitabu cha Peter Roach kiitwacho English Phonetics and Phonology: A Practical Course. Kitabu hicho kilitolewa upya mwaka 1991, 2000 na 2009, na kwa zaidi ya miaka arobaini kimekuwa miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa sana na wahadhiri wanaofundisha fonetiki na fonolojia ya Kiingereza kwa wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kitabu kinachodumu kiasi hicho hakikosi sifa, na si haki kukihakiki pasipo kuzitaja. Hata hivyo, liko swali ambalo aghalabu haliulizwi kinapofunguliwa katika darasa la Kenya: je, mwanafunzi aliyekusudiwa na kitabu hiki ndiye aliyeketi darasani?

Makala haya yanadai kwamba siye. Mwanafunzi wa kitabu ni mgeni wa Kiingereza asiye na lugha nyingine yoyote. Sikio lake ni tupu, na kazi ya somo ni kulijaza. Mwanafunzi wa Kenya huja na sikio lililokwisha kufunzwa na lugha mbili au tatu, na katika lugha hizo mna sehemu kubwa ya somo lenyewe. Darasa linapofuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, hazina hiyo hupotea, na mwanafunzi huhitimu akijua kuandika alama za sauti ambazo hakuwahi kuzisikia.

Sifa za Kitabu

Kitabu kina sura ishirini, na takriban kila sura yatosha mhadhara mmoja. Kinaanzia kwenye ala za sauti, kinapita kwenye irabu na konsonanti, kinafika kwenye fonimu, silabi, mkazo na maneno yanayofifia katika usemi, kisha kinaingia kwenye kiimbo. Mpangilio huu ni wa mwalimu aliyeifanya kazi hiyo mwenyewe. Kila hatua inaandaliwa na iliyotangulia, na mazoezi yaliyorekodiwa yanamlazimisha msomaji atumie sikio, si jicho pekee.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi. Roach hafichi kwamba fonolojia ni uwanja wa hoja. Anapojadili matatizo ya uchambuzi wa fonimu, anaonyesha kwamba sauti inayoanza neno 'church' yaweza kuhesabiwa kuwa fonimu moja au mbili, na kwamba jibu linategemea nadharia anayoishika mchambuzi. Hapo mwanafunzi anaambiwa kwamba alama alizozikariri ni uamuzi wa wataalamu, wala si maumbile. Vitabu vingi vya matamshi havithubutu kusema hivyo.

Kadhalika mwandishi ameeleza wazi lafudhi anayoifundisha. Ni ile ambayo Daniel Jones, katika kamusi yake ya matamshi ya mwaka 1917, aliifungamanisha na shule za kitabaka za Uingereza, na ambayo kuanzia toleo la 1926 aliipa jina Received Pronunciation, yaani RP. Toleo la nne la Roach linaiita lafudhi ya BBC. Alan Cruttenden naye, alipohariri upya mwaka 2014 kitabu mashuhuri cha Gimson kilichotoka kwanza mwaka 1962, aliliacha jina la RP akachagua General British. Majina yamebadilika kwa sababu walioyabuni wamekiri kwamba lile la kwanza lilinuka utabaka. Yafaa mwanafunzi wa Kenya ajulishwe jambo hilo mapema, ili asidhani kwamba anafundishwa sauti ya Kiingereza chote.

Mgeni wa Nchi Isiyotajwa

Kasoro inaanzia pale kitabu kinapomwelekea msomaji. Ni mgeni, lakini mgeni wa nchi isiyotajwa. Jambo hili lina sababu: kitabu kinachouzwa duniani kote hakiwezi kushughulikia lugha zote za dunia. Mwandishi halaumiki kwa hilo. Anayepaswa kuulizwa ni mhadhiri anayelichukua pengo hilo na kulifanya kuwa sehemu ya somo.

Chukua mfano wa king'ong'o cha kaakaa laini, sauti iliyo mwishoni mwa 'sing'. Roach anaipa maelezo marefu. Anaeleza kwamba haianzi neno la Kiingereza, na kwamba katikati ya neno ina mwenendo wa kutatanisha: katika 'finger' inafuatwa na g, katika 'singer' haifuatwi. Kwa msomaji wa mataifa mengi maelezo hayo ni ya lazima. Kwa msomaji wa Kiswahili ni mzunguko usio na haja. Yeye huandika ng'ombe na ngoma tangu darasa la kwanza, na anajua kwamba kung'oa si sawa na kulia ngoa. Maandishi ya Kiswahili yamekwisha kutenganisha kile ambacho maandishi ya Kiingereza yanakificha. Mwanafunzi akiambiwa kwamba 'singer' ina ng' na 'finger' ina ng, tatizo la matamshi limekwisha. Linalobaki ni swali la isimu, nalo ndilo lifaalo chuo kikuu: kwa nini Kiswahili kinairuhusu sauti hiyo mwanzoni mwa neno, na Kiingereza kinaikataza?

Mfano wa pili ni sauti mbili ambazo Kiingereza huziandika kwa tarakimu moja ya herufi, yaani th. Katika 'thin' sauti si ghuna, katika 'then' ni ghuna. Jozi za Kiingereza zinazopambanua sauti hizo ni chache, na mwalimu hulazimika kuleta maneno kama 'thigh' na 'thy', ambalo la pili halitumiki tena katika usemi wa kawaida. Kiswahili kina thamini na dhamini. Jozi hiyo ni ya maneno ya kila siku, na tahajia inaonyesha tofauti waziwazi. Mhadhiri anayeiacha jozi hiyo na kumpeleka mwanafunzi kwenye Kiingereza kilichozeeka ameacha mbachao kwa msala upitao.

Mpumuo na Maana ya Fonimu

Mifano hiyo miwili yahusu matamshi. Wa tatu wahusu msingi wa fonolojia yenyewe.

Kila kitabu cha fonetiki ya Kiingereza hueleza kwamba p, t na k zinapoanza silabi yenye mkazo hutamkwa kwa mpumuo, na kwamba mpumuo hutoweka zikitanguliwa na s. Kwa hiyo p ya 'pin' si p ya 'spin'. Mzungumzaji wa Kiingereza hatambui tofauti hiyo, kwa kuwa haibadili maana ya neno lolote. Sauti mbili, fonimu moja: ndiyo maana ya alofoni. Mwanafunzi huikariri kanuni, huiandika katika mtihani, na hupata alama zake.

Sasa na aitwe mwanafunzi wa Mombasa aseme maneno mawili: paa la nyumba na paa wa porini. La pili lina mpumuo, la kwanza halina. Aseme kaa la moto, kisha kaa wa pwani. Aseme tembo la mnazi, kisha tembo mwenye mkonga. Katika kila jozi tahajia ni moja na sauti ni mbili, na sauti hizo zinapambanua maana. Tofauti ileile ambayo katika Kiingereza ni kivuli cha mazingira, katika Kiswahili cha pwani ni fonimu. Mpumuo huo una asili yake pia: majina hayo yenye mpumuo yamo katika ngeli ya N, na king'ong'o cha ngeli kilipopotea mbele ya konsonanti zisizo ghuna kiliacha pumzi nyuma yake. A. N. Tucker na E. O. Ashton walikwisha kuzieleza sauti za Kiswahili kwa kina katika makala yao ya mwaka 1942, na Charles Sacleux aliuonyesha mpumuo huo katika kamusi yake ya mwaka 1939. Tahajia sanifu haikuuchukua, na wasemaji wengi wa bara hawanao.

Darasa lililosikia jozi hizo limeelewa kwa sikio kwamba fonimu haimo katika sauti yenyewe. Imo katika kazi ambayo lugha fulani imeipa sauti hiyo. Fonolojia yote imesimama juu ya hoja hiyo, na mifano ya Kiingereza peke yake haiwezi kuithibitisha, kwa kuwa inaonyesha upande mmoja tu. Aidha faida ya matamshi ipo. Mwanafunzi anayetamka 'pin' bila mpumuo huweza kusikika na Mwingereza kana kwamba amesema 'bin', maana b ya Kiingereza mwanzoni mwa neno ina ughuna hafifu, na mpumuo ndio unaobeba tofauti. Huyo wa Mombasa hahitaji kufundishwa mpumuo upya. Anahitaji kuambiwa atumie p ya paa wa porini.

Irabu: Urefu Unaodanganya

Kwa hesabu ya Roach, RP ina irabu fupi saba, ndefu tano, na irabu unganifu nane. Kiswahili kina irabu tano. Basi haishangazi kwamba katika Kiingereza cha Wakenya wengi maneno 'hat', 'hut', 'heart' na 'hurt' husikika karibu sawa: yote yameingia katika nyumba ya a.

Tatizo huzidi kwa sababu ya istilahi. Kitabu kinaziita irabu nyingine fupi na nyingine ndefu, na alama ya nukta mbili huwekwa kwenye zile ndefu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaujua urefu kwa namna yake. Katika kaa na paa, irabu mbili zimefuatana, kila moja na silabi yake, na mkazo umeangukia ya kwanza. Akisoma kwamba 'sheep' ina irabu ndefu na 'ship' ina fupi, huivuta i yake ileile mara mbili, akadhani amemaliza kazi. Kumbe tofauti kubwa imo katika ubora wa sauti: mahali pa ulimi na kukaza kwake. Urefu wenyewe si wa kutegemewa, kwani irabu ndefu ya Kiingereza hufupishwa mbele ya konsonanti isiyo ghuna, hata ile ya 'beat' ikakaribiana kwa urefu na ile fupi ya 'bid'. Jones katika kamusi yake alitumia herufi moja kwa irabu hizo mbili na kuzitenga kwa alama ya urefu. Gimson akatumia herufi mbili tofauti ili ubora uonekane, na Roach amemfuata. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu nzito, lakini mwanafunzi asiyeelezwa sababu huiona nukta mbili na kuiamini hiyo peke yake.

Hapa Kiswahili hakitoshi kuwa ufunguo, lakini lugha nyingine za darasani zaweza kusaidia. Dholuo ina irabu tisa, nazo hugawanyika katika makundi mawili kwa kadiri ya kusogea kwa shina la ulimi, hata kukawa na i mbili na u mbili ambazo tahajia ya kawaida huziandika kwa herufi mojamoja. Lugha za Kikalenjin zina mgawanyiko wa namna hiyo. Gikuyu ina irabu saba, na huandika i na ĩ, u na ũ kwa herufi mbalimbali. Mwanafunzi wa Kisumu amezaliwa na sikio linalotenga i mbili zisizotofautiana kwa urefu. Haifai kusema kwamba i zake ni zile za 'sheep' na 'ship', kwani ulimi haufanyi kazi ileile kwa kiasi kilekile. Lakini anajua tayari kwamba i yaweza kuwa mbili pasipo kuvutwa, na hilo ndilo jambo gumu kwa wenzake kuliamini.

Mkazo nao waweza kutazamwa vivyo hivyo. Huelezwa kwamba Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwamba Kiingereza huuhamisha, hata 'record' ikawa jina au kitenzi kwa kadiri mkazo unavyoangukia. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanasahau kwamba mwenye kusema barabara ya Mombasa, kisha akasema kazi imefanywa barabara, ameuhamisha mkazo na kubadili maana. Kanuni ya Kiswahili ina mianya yake, na mlango wa somo ungefunguliwa hapo.

Deni Lililosahauliwa

Yumkini atatokea mtu aseme kwamba kuleta lugha za Kiafrika katika somo la fonetiki ya Kiingereza ni kulazimisha undugu usiokuwapo. Historia ya taaluma hiyo inamkanusha.

Mwaka 1916 Daniel Jones alitoa kitabu cha kusomea Kitswana kwa alama za fonetiki, nacho hakukiandika peke yake. Aliyeshirikiana naye, na ambaye jina lake limo katika kitabu, ni Solomon Tshekisho Plaatje, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa African National Congress. Plaatje alikuwa London kwa shughuli ya kupinga sheria ya ardhi ya mwaka 1913, na katika muda huo alikaa na Jones na kumsikilizisha lugha yake. Mwaka uliofuata, 1917, Jones alieleza muundo wa sauti za Kitswana, na maelezo hayo yamo miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiingereza kulitumia neno fonimu kwa maana inayofahamika leo. Wazo lenyewe lilikwisha kukuzwa na Baudouin de Courtenay na wanafunzi wake huko Urusi, Jones hakulibuni. Lakini alipotaka kuwaonyesha wasomaji wake kazi ya fonimu, lugha aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya Kibantu, na sikio lililomwongoza lilikuwa la Plaatje.

Hivyo basi kufundisha fonimu kwa mifano ya Kiafrika si kuongeza pambo. Ni kuirudisha njia ambayo Jones aliipita mwenyewe.

Pingamizi na Majibu

Wako wahadhiri wenye hoja nzito zaidi. Husema kwamba lengo la somo ni Kiingereza; kwamba kulinganisha lugha kutaitia nguvu lafudhi ya lugha ya mama; na kwamba mhadhiri mmoja hawezi kuzijua lugha zote za darasa lake.

Hoja ya kwanza na ya pili zinachanganya kulinganisha na kuiga. Mtu huiga lugha yake bila kujua. Akiilinganisha na nyingine ndipo anapoanza kuidhibiti. Ni kweli kwamba ulinganishaji hautabiri makosa yote ya mwanafunzi, na wanaisimu walikwisha kulitambua hilo katika miaka ya 1970. Lakini hapa hauletwi kuwa ramli ya makosa. Unaletwa kuwa mazoezi ya sikio. Hoja ya tatu ni ya kweli, na jibu lake limo darasani. Mhadhiri hahitaji kuijua Dholuo. Anahitaji mwanafunzi anayeijua na wenzake wenye kalamu. Jones na wenzake wa London waliwazoeza wanafunzi kwa imla ya maneno yasiyo na maana, ili waandike walichokisikia wala si walichokijua. Darasa la Kenya lina maneno yasiyoeleweka na nusu ya wanafunzi wake, tena yaliyo maneno ya kweli, yenye msemaji wa kuyathibitisha.

Linganisha hayo na mtihani wa kawaida. Mtahiniwa hupewa kifungu cha Kiingereza akiandike kwa alama za fonetiki. Hakuna sauti inayosikika chumbani. Mwenye kumbukumbu nzuri ya kamusi hushinda, hata kama masikioni mwake 'hat' na 'hut' ni neno moja. Mtihani huo hupima kumbukumbu ya tahajia nyingine, tahajia ya alama.

Matokeo yake hayaishii chuoni. Wengi wa wanafunzi hao huwa walimu wa shule za sekondari. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE huuliza juu ya sauti kwa maandishi: neno gani hutamkwa sawa na hili, mkazo uko wapi katika lile. Mwalimu aliyefundishwa alama bila sauti hana la kumpa mtoto ila orodha ya kukariri. Mtoto naye huandika kwamba maneno mawili hutofautiana, kisha huyatamka sawa, na hapana mtu wa kumwonyesha tofauti iko wapi. Kosa hilo huhesabiwa kuwa la mtoto, au la lugha ya nyumbani kwao.

Hitimisho

Kitabu cha Roach hakistahili kutupwa. Kinastahili kutanguliwa. Kabla ya sura ya kwanza kufunguliwa, wiki mbili au tatu zingetosha. Mwanafunzi wa pwani aseme jozi zake za mpumuo, na wa bara waandike walichosikia. Mwanafunzi wa Dholuo aseme i zake mbili, na wa pwani waandike. Darasa lijadili mbuni, ndege asiyeruka, na mbuni, mti wa kahawa: katika la kwanza mb ni sauti inayotamkwa pamoja na neno lina silabi mbili, katika la pili m ni silabi peke yake na neno lina tatu. Wakifika kwenye swali la Roach juu ya 'church', kwamba ni fonimu moja au mbili, watakuwa wamekwisha kubishana swali hilohilo kwa mb.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na idara ya Kiingereza peke yake, kwa sababu maarifa yake yako katika idara za lugha za Kiafrika. Idara hizo nazo zimezoea kulitazama somo hili kuwa la jirani. Madamu hali ni hiyo, mwanafunzi ataendelea kusoma fonimu mlango huu na Kiswahili mlango ule, asijue kwamba paa aliyemsikia utotoni ndiye angemfungulia ukurasa wa kwanza.